Maji ya Kiwiko

Wiki ya kwanza tulimwosha mwanasesere.
Wa plastiki, mguu wa kushoto umeshikizwa kwa plasta,
tukamwita Mzee Hananeno
kwa kuwa maji yakiwa baridi hakulalamika.
Sista Ondoru alisimama nyuma yetu,
saa imebanwa kifuani kichwa chini miguu juu:
"Pembe, Drateru. Pembe!
Shuka lenye kunyanzi halimlazi mgonjwa, linamla."
Nikakunja, nikakunjua, nikakunja,
mpaka kitanda kikawa kama bahasha
inayongoja barua.

Usiku bwenini nilikariri:
andaa vifaa, funga dirisha, vuta pazia,
maji yapimwe kwa kiwiko, si kwa kidole,
kwani kidole kimezoea sufuria, hudanganya.
Jicho kwanza, toka puani kwenda sikioni,
kila jicho na pembe yake ya kitambaa.
Mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili.
Nilijishika kifundo cha mkono gizani
nikitafuta mapigo, nikayapoteza, nikayapata,
sitini na nane, sabini na nne,
na Letaru kutoka kitanda cha juu akinung'unika:
"Zima tochi, wewe. Bado u hai."

Kisha wodi.
Wodi ya wanawake, Arua, mvua juu ya mabati,
harufu ya Jiki na uji wa mtama,
wauguzaji wamelala chini ya vitanda na masufuria yao.
Kitanda namba tisa: Bi Bahita, Mnubi, nyonga imevunjika,
hina ya Idi ingali kwenye kucha.

Nikaweka beseni. Nikafunga dirisha.
Nikavuta pazia, halikufika mwisho,
nikaliunga kwa kitenge cha jirani.
Kiwiko majini. Sawa.
Jicho kwanza. Sawa.
Shingo, kwapa, mkono ulio mbali...

"Mwanangu," akasema, "hicho ni chungu unachosugua?"

Kitabu chote kikanitoka mikononi.

"Unaniosha," akasema.
"Kinachooshwa ni chombo, na maiti.
Miaka arobaini nimeosha maiti wa mtaa wetu,
mabibi harusi, vikongwe, vitoto vya siku saba,
na hata hao niliwaambia:
sasa nainua mkono wako, mama,
sasa nakugeuza, uniwie radhi.
Mwosha huoshwa, najua. Lakini siku hiyo si leo.
Leo nasikia. Niogeshe.
Na jina lako hujanipa."

Nilisikia maji yakipoa.
"Drateru," nikasema,
jina la kwetu, jina la kungojea kifo,
nilopewa baada ya kaka wawili kuzikwa,
jina ambalo wodini nilikuwa nalificha
kwa kugeuza kitambulisho upande wa nyuma.
Nikamfafanulia. Alicheka mpaka nyonga ikamuuma.
"Basi na kingoje huko mlangoni.
Wewe malizia mgongo."

Nikaenda kubadili maji.
Nikarudi, kiwiko tena.
Sasa nainua mkono wako, mama.
Sasa nakugeukiza kwangu, nishike begani.
Mgongoni, chini kabisa, palikuwa na wekundu,
upana wa sarafu ya shilingi mia tano,
mahali ambapo shuka lilianza kumla.
Mzee Hananeno hakuwahi kuwa nao.

Aliondoka Ijumaa, kabebwa na kiti chake,
wajukuu wanne wakigombana nani ashike mguu upi.
Jumatatu tukafanya mtihani.
Swali la tatu: Taja hatua ya kwanza
ya kumwogesha mgonjwa kitandani.
Kitabu kinasema, nawa mikono.
Nami nikaandika: mwambie jina lako.

Sista Ondoru alikata alama kwa kalamu nyekundu.
Kisha pembeni, kwa penseli,
akaandika neno moja, akalifuta.
Nimeiinua karatasi ile dirishani mara nyingi,
mwanga wa asubuhi ukipita nyuma yake.
Nadhani ni "ndiyo."
Huenda ni "nawa."